Tangi la Mchanga wa Meneja

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi,
Jumatano, baada ya kazi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, ambazo ni nyingi kuliko wino wa kalamu hii iliyoanza kukwaruza kabla sijafika popote. U hali gani? Kifua kimepoa? Mguu ule uliokuwa unavimba ukisimama sana kazini umetulia? Na baridi ya huko, bado inakutoa machozi ukienda kituoni asubuhi? Ukinijibu, nijibu hayo kwanza, moja baada ya jingine. Usiniandikie "sijambo" ukadhani umemaliza. Sijambo ya kwetu naijua. Hata Mama alikuwa hajambo mpaka siku alipolazwa.

Mimi huku ni mzima. Macho yanaona, magoti yanalalamika lakini yananifikisha. Daktari amenipima presha akasema ni presha ya msichana. Nilimwomba aniandikie hilo kwenye karatasi nikamwonyeshe tajiri wangu, maana yeye ananiona kikongwe. Alicheka tu, hakuandika.

Kazini tupo vilevile. Bado napiga pasi pale kwa dobi, meza ileile ya dirishani, mvuke usoni tangu asubuhi hadi alasiri. Mama Vifungo, yule wa meza ya pili anayeshona vifungo na zipu, siku hizi anasikia kwa sikio moja. Nikiwa na la kumsimulia inabidi nizunguke meza nzima nifike upande wa sikio zima, na nikifika huko tajiri anauliza kwa nini pasi imeachwa peke yake. Kwa hiyo tunaishia kutikisiana vichwa. Kule nyuma ipo reli ya nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Kuna suti moja ya bwana harusi, nyeusi, haijavaliwa hata mara moja tangu tuifue. Tajiri anataka kuiuza. Mimi nikipita huwa naipangusa vumbi mabegani. Sijui kwa nini nakusimulia habari za suti.

Jengo letu nalo limepungua watu. Wale wa mlango wa kushoto, wenye yule binti wa kujifunza tarumbeta, wamehama. Unajua nilivyokuwa nikiwalalamikia. Kila jioni tarumbeta, wimbo uleule, pale pale anapokosea anarudia. Sasa nikipanda ngazi nasikia funguo zangu mwenyewe. Mwenye nyumba hajapata mpangaji mwingine na wala haoneshi haraka. Nimeanza kuacha redio ikiwaka ninapokwenda kazini, ili nikifungua mlango nikute mtu anazungumza, hata kama anazungumzia bei ya saruji.

Meneja anakusalimu kwa namna yake, yaani ameikalia barua hii na nimeshamsukuma mara kadhaa. Mama hakukosea kumpa paka wake jina hilo. Hafanyi kazi yoyote, anakagua tu. Amezeeka sasa. Masharubu yameingia weupe, na akitaka kuruka dirishani siku hizi anakaa kwanza anafikiri. Lakini kwenye kula bado yumo, hapo usimtilie shaka.

Haya, sasa nije kwenye lililonikalisha hapa na kalamu, nalo ni lile tangi.

Kwanza nikushukuru, maana sikukushukuru ipasavyo. Kile choo cha paka kinachojisafisha ulipokinunua mwaka jana nilikipinga, utakumbuka. Nilisema mtu mzima hanunuliwi mashine ya kuzoa mavi ya paka ilhali mikono anayo. Wewe ukasema, mikono unayo, mgongo je? Nami siku hiyohiyo nilikuwa nimefungwa kitambaa kiunoni. Basi kikaja kile kidude cha mviringo, mithili ya mashine ya kuchanganyia zege. Fundi uliyemtuma akakiunganisha na kile kisanduku cha intaneti, na kwa kuwa simu yangu ni hii ya vitufe isiyojua lolote, habari zote za choo zikawa zinakuja kwenye simu yako. Meneja akiingia, unajua, hata uzito wake unausoma. Akitoka, pipa linajizungusha, linachekecha mchanga, mabonge yanaangukia kwenye droo ya chini, nawe unajua. Hata droo nikiimwaga unapata habari. Na mchanga ukishuka chini ya mstari, simu yako inapiga kelele huko uliko, kisha yangu inalia huku: "Dada, mchanga."

Mwanzoni nilicheka peke yangu. Nimekaa hatua chache kutoka kwa paka, lakini habari za paka zinakwenda kwanza hadi ng'ambo, zinakuamsha wewe, ndipo zinarudi kwangu. Nilimsimulia Mama Vifungo, upande wa sikio zima, akasema dunia imekwisha.

Lakini mdogo wangu, simu zile. Naibana simu begani, nimeshika mfuko wa mchanga, namwaga, nawe unasoma huko unaniambia bado kidogo, bado kidogo, nami namwaga taratibu makusudi. Tukitoka kwenye mchanga tunaingia kwenye mgongo wangu. Tukitoka kwenye mgongo tunaingia kwa yule jirani yako anayekupokonya nafasi ya kuanika nguo. Tukitoka hapo tunafika kwa Mama, na kwa Mama hatutoki upesi. Siku ile ya habari ya shangazi na meno yake ya bandia tulicheka mpaka ukapaliwa, nami nikamwaga mchanga wote sakafuni, nikafagia huku bado uko kwenye simu. Niseme ukweli, nilifika mahali nikawa namwongezea Meneja maji ya kunywa. Nilitaka aende chooni mara nyingi.

Ndipo ukatuma tangi. Najua ulivyowaza. Ulisikia ninavyohema nikibeba ule mfuko, ukasema moyoni, nimpunguzie dada. Ni wema mtupu, na siku lilipofika nilifurahi kweli, nikalifuta nikawaonesha hata watu wa duka la rangi. Fundi akalipachika nyuma ya pipa, likakaa kama mkoba wa shule mgongoni mwa mtoto. Unalijaza mara moja, basi, umesahau. Mchanga ukipungua lenyewe linaachama, linajazia, chwaaa, mpaka kwenye mstari, kisha linafumba. Mara ya kwanza Meneja alirukia juu ya kabati akashinda huko hadi jioni. Sasa amelizoea, hata huenda kukaa mbele yake likijazia, akilisimamia.

Na linafanya kazi barabara. Siwezi kulitafutia kosa. Ila mchanga haushuki tena chini ya mstari, kwa hiyo simu yako hailii, na kwa hiyo yangu nayo hailii.

Usiseme ningeweza kukupigia mimi, au wewe ungeweza kunipigia tu hivihivi. Tunajuana. Sisi ni watoto wa opereta. Mama alikaa miaka yake yote kwenye ubao wa simu wa ile ofisi, vipokea sauti masikioni, akichomeka na kuchomoa nyaya za watu, na alirudi nyumbani akiwa amewachoka wanaoshika laini bila sababu. Ukimpigia, hata salamu hajaitikia, anauliza: "Una jambo?" Kama huna, anakwambia teremsha simu, kuna mwenye jambo anasubiri. Ulipopata mshahara wako wa kwanza ukampigia umweleze gauni uliloliona dukani, alikuuliza jambo ni lipi, ukasema gauni, akakata. Ulilia siku ile, nami nikakuambia ndivyo alivyo. Mpaka leo hii mikono yetu haijui kupiga simu pasipo jambo. Nimeishika simu, nimelitafuta jina lako, nimelipata, halafu nikajiuliza nitaanza na lipi. Nikairudisha mezani. Barua Mama hakuikataza, ndiyo maana naandika.

Basi nikakaa. Mwanzoni nilijiambia una kazi nyingi. Kisha nikajiambia labda simu yangu ni mbovu, nikaipeleka kwa muuza simu wa pale chini nikamwomba aipigie tuone. Ikalia mkononi mwangu, kwa sauti kubwa, watu wakageuka. Nilitamani isilie ili niwe na cha kulaumu.

Jioni nilianza kumsemesha Meneja zaidi ya inavyofaa. Namweleza ya kazini, na yeye akichoka anaondoka zake. Nikapika vyakula vya watu wawili kwa mazoea ya zamani, enzi za Mama, nikala vilevile siku mbili mfululizo. Nimekuwa mpweke, mdogo wangu. Sikuwa nimelitamka neno hilo mpaka nilipoliandika hapa.

Ndipo nikafanya ukorofi. Jumamosi moja nikauchomoa waya wa kile choo ukutani. Nilipiga hesabu zangu vizuri. Kikizimika, simu yako itapiga kelele, utanipigia kuuliza kulikoni, nami nitakuwa na jambo, tena jambo zito. Nilioga, nikavaa ile blauzi ya bluu kana kwamba utaniona, nikaketi karibu na simu na kikombe changu. Nilikuwa hata nimepanga sauti ya kushtuka. Meneja alipojisaidia nikazoa kwa mkono kama zamani, huku ananitazama kwa dharau.

Jumamosi ikapita. Jumapili nayo. Jumatatu nimerudi kazini, sijavua hata viatu, mlango ukagongwa. Nikachungulia, ni fundi wako, yule mnene anayehema ngazi nzima, na begi lake begani. Amekuja kuangalia choo kilichozimika. Umemwagiza wewe tangu Jumamosi, yeye ndiye hakuwa mjini.

Nilikasirika, sikufichi. Nilisema moyoni, hata kwa hili nimetumiwa mtu wa kulipwa. Nikamfungulia mlango kwa uso ambao hakustahili.

Akapiga magoti, akaufuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa sakafuni, Meneja ameulalia. Akainua kichwa. "Mama, chombo hiki hakiumwi. Kimechomolewa." Nikasema labda ni paka. Akamtazama Meneja, akanitazama mimi, akasema paka huyu basi ana vidole vizuri. Nilijitahidi nisicheke, nikashindwa, na nilipokwisha kucheka nikajikuta machozi yananitoka mbele ya mtu ambaye hata jina lake silijui. Nikamwambia aketi nimpikie chai.

Chai ndiyo iliyomlegeza. Nilimweleza mawili matatu, juu juu tu, habari ya mchanga na simu. Akawa anakoroga, anakoroga, sukari ilishayeyuka zamani bado anakoroga. Mwishowe akasema alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini naye ana dada. Akatoa simu yake akanisomea ulivyokuwa ukimwandikia.

Usimgombeze. Mimi ndiye niliyemwongezea sukari.

Alinisomea ujumbe wa siku ile nilipopatwa na homa. Umemwandikia: "Dada humwaga droo asubuhi kabla ya kazi. Leo ni mchana na bado haijamwagwa. Tafadhali pita umwangalie. Mwambie umekuja kukagua nyaya. Usiseme ni mimi." Nami nakumbuka alivyokuja siku ile. Nilijikokota kumfungulia, nikajiuliza nyaya gani hizo, akaniona nilivyo, akashuka zile ngazi zote, akarudi na dawa na mkate. Nikadhani ni moyo wake mzuri. Nikawasifia watu wa kazini kwamba bado kuna mafundi wenye utu.

Akanisomea na mwingine, unauliza kama paka kupungua uzito kuna maana dada naye hali chakula. Na mwingine, siku niliyolala kwa shangazi. Kisha akaweka simu chini, akaniambia ulimwambia kwa mdomo wako kwamba huko kwako huwezi kunywa chai ya asubuhi kabla hujaona droo imemwagwa. Ukiona imemwagwa, unajua nimeamka. Ndipo unakunywa, unakwenda kazini.

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuwasha redio. Nililia, nikacheka, nikakasirika upya. Tazama tulivyo, mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja, wewe unaitafuta afya yangu kwenye droo ya mavi ya paka, mimi nakutafuta kwa kuchomoa waya. Damu nzito kuliko maji, wanasema, lakini yetu mpaka ibebwe na fundi. Na wewe nilidhani una watu huko. Nilidhani una marafiki, una pilikapilika, mimi ndiye niliyebaki na paka. Hukuwahi kuniambia kwamba asubuhi zako ni chumba kimoja na simu na habari za Meneja.

Kabla hajaenda nilimwomba fundi alitoe lile tangi. Lipo juu ya kabati, nimelifunika shuka safi, halina kosa lolote na usidhani sikulipenda. Kwa hiyo mchanga umeanza kushuka tena. Pengine barua hii ikifika, simu yako itakuwa imeshalia na tumeshaongea, na haya yote utayasoma ukiwa unayajua.

Lakini nilipolitoa nikaona bado ni ujinga uleule. Meneja ni mzee. Daktari wa wanyama amesema figo zake si za kutegemea, nami sikutaka kukwambia, lakini ukitazama uzito wake kwenye simu yako naamini umeshajua. Siku akiondoka, hakuna mchanga, hakuna droo. Utajuaje kama nimeamka? Nami nitakutafuta kwa jambo gani? Tutakuwa tumebaki wawili, kila mmoja na simu yake mezani, anangoja mwenzake apate jambo. Hilo ndilo linalonitisha, kuliko homa na kuliko magoti.

Shangazi anakusalimu, anasema bado hajasamehe tulivyomcheka. Mama Vifungo naye anakusalimu ingawa hamjaonana, nadhani nimemchosha na habari zako. Wa duka la rangi wanauliza kama lile tangi linauzwa. Msalimie sana mwanao huko mbali alikopata kazi, umwambie mama yake mkubwa anataka picha yake akiwa amevaa sare za kazi, iliyochapwa, ya kuweka ukutani. Na yule jirani wa kuanika nguo mwambie nakuja. Mungu akutangulie barabarani huko kwenye barafu, akupe usingizi mzuri, akuondolee kile kikohozi.

Nilidhani nimemaliza, lakini sijasema lenyewe.

Mara ya mwisho mimi kuanza kukupigia ilikuwa siku Mama alipofariki. Ulipokea, hukusema hata haloo. Ulisema, "Lini?" Tangu siku hiyo sijathubutu kuanza. Kila nikilifikia jina lako naisikia ile "lini" yako, naogopa nisije nikakuua kwa mlio tu.

Basi nisikilize. Posta wamesema barua itachukua majuma mawili. Mimi nawapa matatu, maana nawajua. Jumapili itakayofuata, saa za mchana, nitakupigia. Ukiona jina langu usishike ukuta, usitafute pa kukaa. Hakuna aliyekufa. Hakuna anayeumwa. Paka amekula, mchanga upo. Ukiniuliza kuna nini, nitakujibu hakuna kitu, na huo utakuwa ndio ukweli. Tafadhali, usikate.

Wako akupendaye hata pasipo jambo,
Dada yako.